Mabakuli Matatu ya Kisauni

Jumatatu, 24 Februari 1958

Siku mbaya. Nimezungusha mpini wa mashine ya hesabu tangu asubuhi, mkono umekufa ganzi. Daktari Whitlock hachoki. Mafua makubwa ya mwaka jana yamekwisha, walioumwa wamepona, lakini yeye ndiyo kwanza anayafuata kwa hesabu. Anataka kujua yaliingiaje Changamwe, yalipanda lini na yalishuka kwa nini. Yeye anaandika mlinganyo, mimi karani wake nautia namba na kuzungusha.

Leo ametueleza tena, mimi na karani mwenzangu Ruwa. Ati watu wote wa mtaa ni mafungu matatu: ambao bado hawajaambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kupona. Ukijua mgonjwa mmoja huambukiza wangapi kwa siku, unaweza kutabiri lini maradhi yatafika wapi. Tena hesabu hiyo hiyo, anasema, watu wa bahari huitumia kwa samaki, na watu wa kilimo kwa wadudu wanaokula minazi. Hubadilishwa majina tu. Kisha akaongeza maneno marefu juu ya masharti yake, kwamba lazima watu wachanganyike sawasawa kama sukari ndani ya chai. Hapo nilikuwa natazama dirishani. Nilikuwa namfikiria Mwanaima.

Kurudi Kisauni, dada yangu Nana kanipokea kwa habari. Khatibu anapeleka posa kwa Khamis, kaka yake Mwanaima, kabla ya Ramadhani. Khatibu! Yule mwenye baiskeli yenye taa mbele na nyuma. 

Jumanne, 25 Februari

Niandike wazi, hapa hakuna anayenisikia. Mwanaima ni mshonaji wa kofia. Aliolewa akaachika, sasa anakaa kwa Khamis, nyuma ya kichochoro chetu. Akicheka huanza kwa macho. Mwaka wa pili huu namwagizia kofia. Kila mara naondoka nyumbani nimejiandaa kumwambia mimi Ghalib namtaka, na kila nikifika nazungumza juu ya uzi. Sanduku langu halifungiki kwa kofia. Nana ameniuliza nina vichwa vingapi.

Leo kwenye basi, tukipita Makupa, akili imenifunguka. Uvumi ni maradhi! Huingia, hupanda, hushuka. Basi nitaeneza uvumi kwamba Ghalib anaoa. Bila jina la mke. Utamfikia Mwanaima, moyo utamruka, atamwendea kaka yake na kusema Khatibu simtaki, namtaka Ghalib. Hivyo mimi sitalazimika kusema lolote. Sijui kwa nini watu wa samaki hawakuliona hili.

Jioni nimechukua mabakuli matatu. Kunde ni watu ambao hawajasikia. Choroko ni wanaoeneza. Mbaazi ni waliokwisha kuchoka na habari yenyewe. Nimehamisha, nimehesabu, nimepata mwendo mzuri kabisa. Nikaenda msikitini. Kurudi, Nana amepika Kisauni nzima kwa nazi. Nimekula sahani mbili.

Alhamisi, 27 Februari

Kila maradhi yana mgonjwa wa kwanza. Nimemchagua Ruwa. Nimemvuta nyuma ya kabati la karatasi nikamnong'oneza kwamba naoa. Nikamsisitizia kuwa ni siri, maana jambo lisiloitwa siri hakuna anayejisumbua kulibeba. Ruwa amenishika mkono kwa mikono miwili. Amefurahi mno, ni mtu mwema. Kesho jioni Changamwe yote itakuwa inajua.

Jumamosi, 1 Machi

Kimya. Si Changamwe, si Kisauni. Nimemzunguka Ruwa kwa maswali mpaka nikamuuliza waziwazi kama amemwambia mtu. Ameudhika. Ameapa kwa kanisa lake kwamba hata mkewe hajui, na mkewe ameanza kumshuku kwa vile anavyotabasamu peke yake. Katika pwani hii yote, kutoka Likoni hadi Mwakirunge, nimemchagua mtu mmoja anayetunza siri. Namba yake katika mlinganyo ni sifuri. Nimejaribu kugawanya kwa sifuri hiyo kwenye mashine. Nimezungusha na kuzungusha, mpaka Daktari akaja kuuliza nasaga nini.

Jioni nimekwenda kwa Bi Tumu, ambaye ukuta wake na wa Khamis ni mmoja. Hukaanga bajia mlangoni na kila anayepita husimama. Nimempa shikamoo, nikanunua bajia, nikamnong'oneza. Akauliza naoa nani. Nikatazama chini kwa haya. Hakuuliza tena. Amefunika karai, amevaa buibui, ametoka kabla sijamaliza bajia zangu.

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Jana adhuhuri kinyozi alikuwa anajua. Alasiri wakajua mtaa wa Junda. Leo ndani ya basi mtu nisiyemjua amenieleza habari za arusi yangu. Mke wangu anatoka Lamu. Kwa wengine ni mtu wa Likoni, mrefu, ana jino la dhahabu. Nimeshaanza kumpenda.

Nimechora mstari kwenye karatasi ya miraba ya Daktari. Unapanda vizuri. Kwa hesabu yangu habari itamfikia Mwanaima Alhamisi, baada ya alasiri.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwao baada ya alasiri. Nilitarajia machozi, au angalau kununiwa.

Mwanaima kanipokea kama siku zote. Kauliza nataka ua lile lile au jingine. Nikauliza kwa mbali kama mtaani kuna habari. Kasema hakuna habari, tena ajabu, siku hizi kila anapoingia watu hunyamaza. Halafu akaniuliza kama nakula vizuri, na kama kule Changamwe maradhi yale tunayoyahesabu tunayashika kwa mikono. Nikasema tunayashika kwa kalamu. Hakucheka.

Nimerudi nyumbani. Nimeagiza kofia.

Ijumaa, 7 Machi

Sielewi. Baada ya sala ya Ijumaa wazee wamenipa mkono wa pongezi, kisha kila mmoja akatazama kushoto na kulia na kuniambia: Mwanaima asijue. Muuza nyama kanifungia mbavu za bure, Mwanaima asijue. Wanawake vibarazani wamenisonya.

Nimemrudia muuza nyama kumuuliza kwa nini Mwanaima asijue. Ameweka kisu chini. Akasema hakuna mtu Kisauni asiyejua kuwa Mwanaima ananingoja. Kwamba kazi za watu wengine huziweka kando amalize yangu. Kwamba alikwisha kukataa posa ya mtu wa Kibokoni akasema ana hesabu zake. Sasa mimi nimekwenda kuchumbia kwingine, na watu wameona haya kumwambia. Wamekubaliana kumsitiri, mtaa mzima, kila mtu na mdomo wake.

Nilikaa pale pale kizingitini kwa muuza nyama. Sikumbuki kuwahi kufurahi vile, na sikumbuki kuwahi kuogopa vile. Ananingoja! Miaka miwili mimi nasema uzi, naye ananingoja. Na mimi kwa mkono wangu nimewageuza watu wote wa Kisauni kuwa ukuta baina yetu.

Nyumbani nimemkuta mbuzi amefungwa kwenye mpapai. Ameletwa na Mzee Gona wa Utange, mjomba wake Ruwa, mtu niliyekutana naye mara moja maishani. Pamoja na mbuzi, ujumbe: Mwanaima asijue.

Jumapili, 9 Machi

Bi Tumu kaniita. Hakunipa kiti.

"Ghalib, mimi sikukuzaa," kasema, "lakini leo natamani ningekuzaa nipate kukupiga."

Kisha akanieleza, kwa fahari, alivyonisahihishia makosa yangu. Yeye na wanawake wenzake wamezungumza na watu wa Khatibu. Posa isingoje Ramadhani ikaribie. Italetwa Jumatano hii. Hivyo siku Mwanaima atakapopata habari za arusi yangu atakuwa na mchumba wake, na haitamuuma. Nimemwambia Bi Tumu arusi haipo, ni uwongo, niliutunga mwenyewe. Amenipigapiga bega. Kasema wanaume wote husema hivyo wakikaripiwa.

Siku tatu. Bajia alizonipa za njiani nimempa mbuzi.

Jumatatu, 10 Machi

Dawa ya uvumi ni uvumi. Nimemwambia kinyozi sioi. Kanikonyeza. Nimewaambia watu wa basi. Wamecheka, wameniuliza lile jino la dhahabu ni la juu au la chini. Nimemwambia Nana. Nana hasemi nami tangu wiki jana. Amesema akiwa nyuma ya mlango kwamba mtu anayeoa bila kumwambia dada yake ajipikie. Nikakumbuka Daktari: aliyekwisha kuugua haugui tena. Kisauni wote wameniugua. Hakuna aliyebaki wa kuambukizwa ukweli.

Ruwa naye kahamisha meza yake. Anasema alitunza siri yangu kwa taabu kubwa, kisha akaenda Utange kusalimia, na mjomba wake akamsimulia mwanzo hadi mwisho na kumuuliza kama mbuzi atafaa.

Nimemuuliza Daktari, kwa mfano tu: itakuwaje kama maradhi yanamfikia kila mtu ila mmoja, kwa sababu watu wote wanamkinga kwa mapenzi? Kalamu imemponyoka. Kasema hilo ndilo lililokosekana katika milinganyo yote aliyoisoma, kwamba watu si sukari. Akauliza ni maradhi gani hayo. Nikasema ya kuku. Ametaka nimwandikie.

Jumatano, 12 Machi

Nimeamua kwenda mwenyewe. Nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nilikusudia kumwendea Khamis nimwambie yote kabla watu wa Khatibu hawajafika. Nimesema maneno yangu njiani kwa sauti, yalikuwa mazuri.

Nilipokunja kona niliiona baiskeli imeegemezwa ukutani kwa Khamis. Taa mbele na nyuma.

Nimerudi. Nimelia uani, sioni haya kuandika. Mbuzi ametafuna ncha ya kanzu na sikumzuia.

Alhamisi, 13 Machi

Ya leo lazima niyaandike.

Sikwenda kazini. Nilikuwa uani nalumbana na mbuzi, nataka kumrudisha Utange, yeye hataki. Nikasikia hodi kwa mbele na Nana akimkaribisha mtu. Mara Mwanaima kasimama mlango wa uani na bakuli lililofunikwa kawa. Macho mekundu. Kanitazama mimi, kamtazama mbuzi, kanitazama tena. Kauliza kwa sauti ndogo nimeinuka lini.

Nikasema alfajiri. Akasema hapana, kitandani nimeinuka lini.

Yeye alikuwa anadhani naumwa! Siku zote hizo akiingia mahali wananyamaza. Muuza nyama kamwongezea nyama bila kuambiwa. Wazee wanamwombea dua barabarani. Bi Tumu anamshika mkono na kumwambia awe na subira.

"Nisubiri nini, kaka Ghalib?" kasema. "Watu wakimficha mtu jambo hivyo, ni msiba. Nikasema ni yale maradhi ya Changamwe, yamekushika na hayakuachi. Nimekulilia siku tano."

Na jana, watu wa Khatibu wamekaa sebuleni na Khamis amekwisha kuagiza kahawa, yeye kamwita kaka yake pembeni akamwambia hawezi kupokea posa huku Ghalib yuko kitandani. Khamis kauliza Ghalib ni nani wako. Akajibu kaka yake ajue mwenyewe. Wageni wamekunywa kahawa na kwenda zao. Leo alfajiri kachinja kuku wake wa mayai kunifanyia supu.

Nikamweleza. Yote. Mlinganyo, kunde, Ruwa, Bi Tumu, mke wa Lamu. Nana alikaa chini kwa kucheka, akasamehe pale pale. Mwanaima hakucheka. Alingoja nimalize akaniuliza jambo moja tu: miaka miwili yote ile, kwa nini sikumwambia yeye? Nikasema niliogopa atanikataa, na akinikataa sitakuwa na sababu ya kuja tena. Ni maneno ya kweli pekee niliyosema mwezi huu, na sikuyafanyia hesabu.

Kaniwekea bakuli mkononi. Kasema ninywe yote, kwa sababu yule kuku alikuwa anataga kila siku. Kisha kamgeukia Nana, akamwambia dada, wazee waje Jumamosi, na huyu asiseme na mtu yeyote mpaka hapo. Alipofika mlangoni ndipo alipocheka. Alianza kwa macho.

Supu ilikuwa na chumvi nyingi. Nimelamba bakuli.

Jumamosi, 15 Machi

Wazee wamekwenda. Mzee Gona naye kaja kutoka Utange kwa miguu, kasema mwenye mbuzi hawezi kukosa. Khamis amekubali! Bi Tumu kapiga vigelegele kabla ya kuambiwa, sasa anasema ni yeye aliyepanga tangu mwanzo. Khatibu kanipa mkono njiani. Kashuka kwenye baiskeli kunipa. Mtu muungwana, yanikera.

Nimekaa na karatasi yangu ya miraba. Nilisema habari itamfikia Mwanaima Alhamisi. Imemfikia Alhamisi. Ni ya wiki iliyofuata, lakini Alhamisi ni Alhamisi. Mlinganyo haukukosea.

Kuna dosari moja. Khamis anataka arusi iwe Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, mpaka amalize kuezeka nyumba upya. Mfungo Tatu! Namjua Khamis na makuti yake, hiyo ni mwakani.

Jumapili, 16 Machi

Nimepata njia. Khamis akisikia kwamba afisi inanihamishia Wajir, kule jangwani kaskazini, ataogopa dada yake asije akakaa mchumba miaka. Ataharakisha. Arusi itakuwa Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi. Mwanaima alisema nisiseme na mtu mpaka Jumamosi, na Jumamosi imepita. Nimekwenda kununua bajia. Bi Tumu amefunika karai.

Safari hii nimetia kila kitu katika hesabu. Nimeweka kuta, vibaraza, hata watu wenye huruma. Khamis atasikia Jumatano.

Jumatano, 19 Machi

Vunjajungu mtaa mzima, watu wanakula kuiaga Shaabani kabla ya kufunga, harufu za pilau kila mlango. Khamis nimekutana naye, hajasikia kitu, anazungumza makuti.

Asubuhi Daktari Whitlock kaniita ndani, kafunga mlango, kanipa mkono. Ati amesikia nina hamu ya kwenda Wajir. Kumbe siku nyingi anatafuta karani wa kumpeleka kule, kila aliyemwuliza alikataa. Amefurahi sana. Amekwisha kupiga simu. Nikamshukuru.

Jioni hii nimeyapitia mahesabu tena. Kosa nimeliona, ni dogo: sikumweka Daktari katika bakuli lolote. Mlinganyo ni ule ule, unataka kurekebishwa pahala pamoja tu, halafu yeye mwenyewe ndiye atakayeifuta safari. Bi Tumu bado hajafunga mlango, namwona kwa dirisha. Naenda kumnong'oneza kwamba Wajir kumezuka maradhi mapya ambayo hakuna daktari aliyewahi kuyaona.